Hodi ya Tatu Nyumbani kwa Mama Filomena

Nitakayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, akili zangu timamu, nimevaa aproni ya kazi na mikono inanuka sabuni ya vyombo. Sikusimuliwa na shangazi wa jirani. Kama hupendi mambo ya namna hii, ishia hapa hapa, tutabaki marafiki. Lakini usinifuate mpaka mwisho halafu useme nilisinzia. Sikusinzia. Yuko mtu mwingine aliyeziona nyayo, na mtu huyo ni mume wangu, ambaye haamini hata utabiri wa hali ya hewa.

Mimi ni Mtaita, mzaliwa wa Wundanyi. Naishi Birmingham, mtaa wa Lozells, na mume wangu, ambaye mimi humwita Baba Wakesho. Wakesho mwenyewe ni binti yetu, anasoma chuo na amepanga nyumba na wenzake kule Selly Oak; nikimpigia simu kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana vizuri tu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa, na zaidi ya yote nawasikiliza. Wenzangu wengi huilalamikia kazi hii. Mimi naipenda. Wapi pengine mtu atakaa na kikombe cha chai, asimuliwe dunia nzima, na bado ahesabiwe kuwa yuko kazini?

Kati ya wazee wangu wote, niliyempenda kupita kiasi ni Mama Filomena.

Alikuwa mjane wa Kiitaliano, mfupi, mikono mipana kama ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Nyumba yake ilikuwa Bordesley Green, katika zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, karibu na hospitali kiasi kwamba ving'ora vya ambulansi tulivizoea kama wengine wanavyozoea majogoo. Miguu ilikuwa imemchoka, kwa hiyo kitanda chake kilishushwa sebuleni. Ukutani, juu ya kitanda, ilitundikwa ramani ya Italia ya zamani, imepauka, na kidole chake kilikuwa kimesugua sehemu moja mpaka rangi ikafutika. Unajua Italia ilivyo kama buti? Basi pale katikati, kati ya kisigino na ncha ya vidole, ndipo ulipo mkoa wao, Basilicata.

"Watalii hawafiki huko," alikuwa akiniambia. "Wanapita juu kwa ndege. Wajinga. Wewe utaenda, mwanangu. Nitakupanga mimi."

Na kweli alinipanga. Kila asubuhi nilipokuwa nikimsugua mgongo, alinipeleka mji mmoja. Alinipeleka Matera, alikozaliwa, mji uliochongwa ndani ya mwamba, nyumba juu ya nyumba, hata paa la huyu likawa njia ya yule. Familia yao nzima iliishi katika pango moja, na nyumbu wao alilala nyuma ya kitanda ili awape joto. Unga walikanda nyumbani, wakaupeleka kwenye tanuri la mtaa, na kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugonga juu ya donge, ili mikate isichanganyike. Usiku kulikuwa na kijitu cha kofia nyekundu kilichowavuta blanketi. Ukiwahi kukipokonya kofia yake, alisema, kitalia na kukuahidi hazina. Ndugu yake aliwahi kuigusa kofia hiyo. Ilikuwa na joto, kama kichwa cha mtoto mwenye homa.

Alinipeleka Venosa, kwenye kanisa lililoanzwa na mabwana wakubwa wa zamani lisikamilike kamwe, mpaka leo paa lake ni mbingu. Pembeni mwake lipo kanisa jingine kongwe zaidi, na ndani yake nguzo iliyo karibu sana na ukuta. Wawili wakipenya pale wameshikana mikono, hawaachani. Alinipeleka Castelmezzano, ambako nyumba zimekumbatia majabali kama watoto waliobebwa mgongoni. Kulikuwa pia na mji mmoja mwingine, ambao hakuutaja. Aliuita "ule mji". Jina lake halitamkwi kule, kwa sababu kila anayelitamka hupatwa na balaa kabla jua halijazama. Alipofika hapo aligusa chuma cha kitanda. Nami, naomba uniwie radhi, sitalitaja.

Mwisho alinipeleka Craco, mji wa mumewe, Donato. Mji huo umekaa juu ya kilima cha udongo wa kijivu usio na mti, na kilima kilianza kuteleza. Nyumba zikapasuka, watu wakahamishwa, wakabaki njiwa na mnara. Donato na Filomena walikuwa wameshahamia Birmingham wakati huo, vijana, Donato akiwa fundi katika kiwanda cha vyuma. Habari ilipomfikia kwamba mji wao haukaliki tena, alikaa ngazini nyuma ya nyumba siku nzima.

Mimi nilimlipa kwa hadithi za kwetu. Nilimweleza kuhusu mapango ya Taita, ambamo wazee wetu wa zamani walihifadhi mafuvu ya wahenga wao, wakayaendea wakati wa shida. Watu wengi wa hapa ukiwaambia hivyo hukunja uso. Mama Filomena aliuliza tu, "Na mnawapelekea chakula?"

Unaona kwa nini nilimpenda?

Sasa sikiliza, hapa ndipo jambo lenyewe linapoanzia. Siku moja mwezi wa Novemba, mvua inapiga dirisha, alinieleza juu ya wanaume waliozaliwa usiku wa Krismasi. Alisema kwamba kwao, mtoto wa kiume akizaliwa usiku ule ule aliozaliwa Bwana, hulipa deni la kuthubutu kuzaliwa siku moja naye. Akikua, majira ya baridi kitu humwita nje. Hutoka akiwa mtu, na huko milimani huwa mbwa mwitu. Akimaliza kuzunguka hurudi kwake, hugonga mlango.

"Mwanamke mwenye akili hafungui hodi ya kwanza," alisema. "Hapo bado ni mnyama. Hamjui mkewe, atamrarua. Hodi ya pili, nusu kwa nusu. Hafungui. Hodi ya tatu, ni mumewe. Anamfungulia, anampa maji, anampa chakula. Na hamuulizi ametoka wapi. Kamwe."

Nilicheka kidogo. Kwetu pia hodi ni tatu, nikamwambia. Mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, anageuka anaenda zake.

"Basi nyinyi ni watu waliolelewa," akasema.

Nikamuuliza, kwa utani tu, "Na Baba Donato alizaliwa lini, Mama?"

Alinisogezea kikombe. "Chai yangu imepoa," akasema.

Desemba ilipoingia, Mama Filomena alianza kukataa chakula. Hakuwa na maumivu. Alifunga mdomo tu, kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Nesi alikuja, akasikiliza moyo, akaniita jikoni akaniambia nimpigie simu mwanawe. Mwanawe ni Vito, anaishi London, mtu mwema lakini mwenye haraka. Alikuja, akamkuta mama yake anaongea peke yake kwa lahaja ya kwao, akaketi nami jikoni akiwa amejishika kichwa.

"Anaongea na baba," alisema. "Baba alikufa mimi nikiwa na nywele nyeusi. Siwezi kumwacha hapa tena. Baada ya Krismasi nitampeleka kwenye makao ya wazee, karibu na kwangu."

Mama alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Aligeuza tu uso ukutani, kwenye ile ramani. Niliporudi Lozells jioni hiyo nilimwambia Baba Wakesho kwamba wakimtoa katika nyumba ile, hatafika mwezi wa pili.

Mkesha wa Krismasi niliombwa nikae naye mpaka Vito afike kutoka London. Mabasi siku hiyo huisha mapema, kwa hiyo Baba Wakesho, akitoka kazini ghalani, angenipitia kwa gari. Alikuwa na kifua kibovu majira hayo, pumu, na nilimwonya asitoke bila skafu. Mambo yalikuwa hivyo. Nyumbani Taita saa yao ikifika kumi na moja jioni watu huwa bado wanapalilia, jua linawachoma shingo. Hapa, saa yetu ikifika hapo hapo, giza lilikuwa limeshaingia, ukungu umelala barabarani, na bustani ndogo ya mbele imefunikwa na jalidi nyeupe, umande ulioganda. Redio za majirani zilikuwa zinaimba. Mama Filomena alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, hajala tangu jana yake, na nilikuwa nimemshika mkono ulio baridi kama kijiko.

Mlango ukapigwa.

Haukugongwa kwa mkono. Ulisukumwa, pwa, chini chini, kama mtu mzito aliyeuegemea kwa bega. Kile kidirisha cha kutumbukizia barua kikatikisika.

Nikainuka. Nilijua ni Baba Wakesho, amewahi. Nikaingia ukumbini, na mlango wa mbele ulikuwa na kioo kile cha ukungu kinachoonyesha vivuli tu. Kivuli kilikuwepo, lakini kilikuwa chini. Kiliishia kiunoni kwangu. Na kioo, mahali pale pale, kilikuwa kinaingia mvuke na kutoka, kinaingia na kutoka, kwa pumzi.

"Baba Wakesho?" nikaita.

Nikajiambia, kifua kimembana, ameanguka magoti mlangoni, hawezi kusema. Wewe ungefanyaje? Nikaweka mkono kwenye komeo.

"Usifungue."

Sauti ilitoka sebuleni, kavu, safi, ya mwanamke mwenye nyumba yake. Mama Filomena ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

Nikatoa simu nikampigia mume wangu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikasikiliza kama inalia nje ya mlango. Haikulia, lakini si huwa anaizima mlio akiendesha? Naapa, sijawahi kuwa na dakika ngumu kama ile. Kama ni yeye, namwacha afe kwenye jalidi kwa sababu ya ngano ya bibi wa Kiitaliano. Kama si yeye...

Mlango ukapigwa tena. Safari hii ulikuwa mkono, nasema mkono kwa kukosa neno. Ulipiga mara moja, halafu ukateremka ubaoni taratibu, na nilisikia kucha. Kivuli kilikuwa kimesimama, kirefu kuliko mimi, kimeinama shingo. Kikasema kitu. Kilikuwa kinajaribu kutamka jina, kama mtu aliyetoka kung'olewa meno, ulimi haujamtii. "Fffi," kilisema. "Fffi..."

Baba Wakesho hana sababu ya kutamka herufi hiyo. Nikaondoa mkono kwenye komeo, nikaegemea ukuta, nikaomba kwa Kitaita, maana hofu ikikushika kweli unaomba kwa lugha ya mama.

"Bado," alisema Mama Filomena. Nilimchungulia mlangoni pa sebule. Alikuwa ameketi! Mwanamke niliyekuwa nikimgeuza kwa mto alikuwa ameketi wima, anapanga nywele zake kwa vidole.

Halafu hodi ya tatu. Ngo, ngo, ngo. Vifundo vya vidole, pole pole, kama mpangaji anayeheshimu usingizi wa watu.

"Sasa," alisema.

Nilifungua.

Alisimama mzee mwembamba, shati jeupe, kichwa wazi, nywele zimelowa zimeshikamana na paji la uso. Hakuwa na viatu. Miguu yake ilikuwa imejaa udongo wa kijivu, umeganda mpaka kwenye vifundo, na nisikilize vizuri: katika Bordesley Green yote hakuna udongo wa rangi ile. Alitazama chini, kama mtu mwenye haya, akasema neno moja, "Permesso?"

Mama Filomena alikuwa amenifundisha neno hilo zamani. Mwitaliano hasemi hivyo mpaka afike kizingitini pa mtu. Ni hodi yao.

Nami, kwa mazoea ya miaka yote, bila kufikiri, nikajibu, "Karibu."

Akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa ya kahawia, yamechoka, yana shukrani. Alielewa. Akajipangusa miguu vizuri kwenye mkeka, akanipita, akaacha nyuma yake harufu ya majani makavu na mvua. Sikuhisi baridi ya kaburi wala mambo ya namna hiyo. Alikuwa anatoa joto, kama mtu aliyekimbia.

Sitakueleza walivyosalimiana. Niligeuka. Yapo mambo ya mume na mke hata mtu wa kuogesha hapaswi kuyaona. Nilisikia tu Mama Filomena akicheka, kicheko cha msichana, nami sikuwahi kumsikia akicheka hivyo hata siku moja. Nikaleta beseni la maji ya moto na taulo. Mzee akanawa mikono, akanawa miguu, taratibu, na maji yakawa kama uji. Sasa mimi nilivyolelewa, mgeni akishanawa unamwuliza habari za atokako. Nilifungua mdomo kabisa. "Baba, umetoka wa..."

Mama Filomena aliinua kidole kimoja. Nikameza maneno.

"Umekula?" nikauliza badala yake.

Akatikisa kichwa. Nikakimbilia jikoni, nikapasha supu ya kuku niliyokuwa nimepika asubuhi, ile ambayo Mama aliikataa, nikakata mkate. Nilipowapelekea, alichovya kipande cha mkate kwenye supu, akapuliza, akamlisha mkewe. Naye akala. Akala na cha pili. Nilisimama pale na sinia mkononi, machozi yananitoka, wala si kwa woga. Woga ulikuwa umeisha, sijui ulikwenda wapi. Nilijisikia kama nimekaribishwa harusini.

Mama aliniambia, "Ongeza mkate, mwanangu." Nikarudi jikoni. Nikiwa na kisu mkononi, mlango ukagongwa tena.

Hapo nilibaki nimesimama. Ukagongwa mara ya pili. Ukagongwa mara ya tatu, kwa ngumi, na sauti ninayoijua kuliko yangu ikasema, "Hodi humu! Mama Wakesho, unataka nigande?"

Nilimfungulia. Baba Wakesho aliingia akikohoa, skafu hana, bila shaka. Kabla sijamwambia lolote akauliza, "Hawa watu wamefuga mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Huyo mkubwa. Nyayo zake ziko kwenye jalidi kuanzia getini. Kama kiganja changu. Zinakuja mpaka mlangoni hapa." Akageuka akatazama nje, akakunja uso. "Lakini hazirudi."

Nilimshika mkono nikaingia naye sebuleni. Mama Filomena alikuwa peke yake. Alikuwa amelala, mashavu yana rangi, bakuli limekauka mapajani mwake. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani, ufunguo unaning'inia kwenye msumari wake. Madirisha yamefungwa. Beseni lilikuwa pale sakafuni, na chini ya maji umetulia udongo wa kijivu, laini kama unga. Baba Wakesho aliuchota kidogo, akausugua kati ya vidole, akaniangalia. Niite mwongo mimi, lakini yule ni mtu wa ghalani, anaamini anachokishika. Tangu jioni hiyo hajanibishia neno.

Vito alifika baadaye, amechelewa kwa ukungu. Mama yake aliamka kwa sauti ya mlango, akaomba kahawa. Kahawa! Halafu akamwambia mwanawe, mbele yetu, kwa Kiingereza ili sote tusikie, "Baba yako alikuja. Amekula. Hajambo."

Vito akanigeukia mimi. Ninajua macho yale. Yalikuwa yanaomba nikonyeze, nitikise kichwa, niseme maskini mama, akili zimeondoka. Nikitikisa kichwa, safari ya makaoni imepitishwa. Nikisema kweli, nitaonekana kichaa mimi, na kichaa haachiwi wazee wa watu. Baba Wakesho alinikanyaga mguu. Nilifikiria kazi yangu. Nilimfikiria pia yule mzee akirudi mwaka mwingine, anagonga nyumba isiyo na mtu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemfungulia."

"Hodi ya ngapi?" Vito aliuliza.

Hilo sikulitarajia. "Ya tatu," nikasema.

Vito akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Kisha akasema kwamba walipokuwa watoto, majira ya baridi, mama yao aliwakataza kusogelea mlango jioni, na yeye alikuwa akiona aibu mbele ya marafiki zake wa shule, wanagonga, wanangoja, wanacheka. Alipokuwa mkubwa aliamua kwamba baba yake alikuwa mlevi tu, na kwamba ngano ile ni pazia la mama. "Miaka yote hii nilimkasirikia," alisema. "Hakuwahi kunuka pombe."

Hakumpeleka popote. Yeye ndiye aliyehamia, kwanza siku za mwisho wa juma, halafu moja kwa moja. Mama Filomena alikula, akanenepa, akanigombeza kwa supu isiyo na chumvi, akaishi Krismasi nyingine mbili. Jioni zile za mkesha nilipewa likizo, nami sikuuliza. Alifariki mchana wa jua, mwezi wa Mei, dirisha wazi, katika kitanda chake, chini ya ramani yake. Tulimzika kando ya Donato hapa hapa Birmingham.

Mwaka uliofuata, mimi na Baba Wakesho tulienda Basilicata. Vito alituongoza. Nilikuta kila kitu kilivyosimuliwa. Matera usiku inawaka kama jiko la mkaa lililopepewa, na mkate wao una ganda la kuvunja jino. Kule Venosa, Baba Wakesho alikwama kati ya nguzo na ukuta, mlinzi akamsukuma, na sasa hana namna ya kuniacha hata akitaka. Njiani nilimwonya kuhusu ule mji. Akacheka, akalitamka jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, kutoka kwenye kibao cha barabarani. Tairi likapasuka kabla hajafunga mdomo. Alilibadilisha kwenye jua kali, Vito na mimi tukiwa tumekaa kivulini tunakula tini, na hakuna aliyemsaidia.

Kule Craco unavalishwa kofia ngumu kabla ya kuingia, kwa sababu mawe bado yanaanguka. Nilisimama chini ya mnara. Vilima vya pande zote vilikuwa vitupu, vimekunjamana kama ngozi ya tembo, na vilikuwa vya kijivu. Baba Wakesho aliinama akachota udongo kidogo, akausugua kati ya vidole, kama alivyofanya sebuleni siku ile. Akautupa, akajipangusa mkono kwenye suruali, akanishika wangu.

Kwa hiyo nendeni. Nawaambia kwa moyo mweupe, ni mkoa wa kwenda, watu wake wana ukarimu unaofanana na wetu, na miji yake inakaa nawe muda mrefu ukisharudi. Ila msiende kama watu wanaoenda kucheka. Ukiambiwa mlango huu funga mapema, funga. Ukiambiwa jina hili usitaje, mdomo wako una kazi nyingine.

Na lipo hili la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Krismasi iliyopita Vito alinipigia simu kutoka hospitali, sauti inatetemeka, sikujua kama analia au anacheka. Binti yake alikuwa amejifungua. Mtoto wa kiume, mzima, ana nywele nyingi. Amezaliwa usiku wenyewe, kengele za kanisa zikilia.

"Wamempa jina la Donato," alisema. "Hawajui kitu. Niwaambie? Nifanye nini, dada?"

Nilikwenda kumwona. Nikampakata. Alikuwa mzito, ana joto la kushangaza, alinikamata kidole akakataa kukiachia. Nilimtazama macho yale ya kahawia na sikuogopa hata kidogo. Na wewe, kama katika ukoo wako yupo aliyezaliwa usiku ule, usimkimbie, usimtupie maneno, wala usimwekee kufuli. Fanya kama nilivyomwambia Vito pale wodini, mtoto akiwa amelala kifuani kwangu.

"Akianza tu kutembea," nilimwambia, "mfundisheni kupiga hodi, na mfundisheni kungoja aambiwe karibu."